Raifeli ya risasi moja: bunduki tatu Mwanza, na kwa nini ilichukuliwa ile iliyokwama ganda

Mnunuzi anatoka Sengerema. Ana miaka 41, uzito kilo 66, analima mpunga na kufuga, na bunduki aliyoizoea tangu ujana ni gobore la familia. Sasa anataka raifeli ya kuwindia kwa leseni: swala pala, ngiri, tohe, nyamera akibahatika. Taratibu za polisi za kumiliki silaha amezifuata, na ruhusa yake ni ya raifeli moja tu. Mwenyewe ameamua iwe ya risasi moja, ile unayoilisha kwa mkono, ukapiga, ukatoa ganda, ukalisha tena. Sababu zake hazina ubaya: ni fupi, haina vikorokoro vingi, na ukiifungua kila aliye karibu anaona kama ina kitu au haina.

Alipata tatu za kuchagua, zote zimetumika, zote ziko Mwanza.

Ya kwanza ni Ruger No. 1 inayopiga risasi iitwayo .375 H&H Magnum. Hii ni ya kizibo kinachoteremka: unavuta wenzo ulio chini ya triga, bonge la chuma linashuka kama lango la mfereji, chemba, yaani tundu inamokaa risasi, inabaki wazi. Ya pili ni H&R Handi-Rifle ya .30-06, bunduki ya kukunja yenye bawaba katikati na nyundo ya nje. Zilikoma kutengenezwa mwaka 2015, kwa hiyo kila utakayoiona sokoni ni ya mkononi au ya ghalani. Ya tatu ni kikongwe cha Kijerumani, nayo ya kukunja, mtutu mwembamba, kitako cha mti wa jozi uliochongwa vizuri, na imeandikwa 8x57 na herufi zilizofutika nusu. Hii ilitokana na mirathi na ilikuwa imehifadhiwa polisi, kama inavyotakiwa: leseni ya silaha hairithiwi pamoja na ng'ombe. Mwenyewe akifariki, bunduki inakabidhiwa, na anayeitaka anaomba upya kwa jina lake.

Mjomba wake, aliyewahi kubeba bunduki za wageni kwenye vitalu vya uwindaji, alikuwa na jibu kabla hata ya kuziona. "Mjomba, chukua tatu-saba-tano. Ile haichagui mnyama."

Hapo ndipo penye mgogoro, na ndipo wengi wanapopotelea. Mjomba anaangalia mnyama. Kwenye bunduki ya risasi moja kuna mambo mawili yanayotangulia mnyama: ganda litoke kila mara, na mwenye bunduki aweze kuipiga mara nyingi kiasi cha kuizoea. Risasi ya pili iko mfukoni. Ganda la kwanza likigoma, mkononi umebaki na fimbo ya kilo tatu na nusu.

Tuanze na kikongwe, maana kilimalizika haraka. Kwa umbo ndicho kilichokuwa bora kuliko zote. Ganda lake lina ukingo uliotokeza nyuma, na bunduki ya kukunja inaupenda ukingo huo: kitoa ganda kinaushika kwa upana, hakina pa kuteleza. Tatizo lilikuwa mtutu. Risasi za 8x57 za mwaka 1888 zilikuwa na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha unene wa milimita 8.08 hivi, mwanzoni mwa miaka ya 1900 Wajerumani walihamia kichwa kinene zaidi, milimita 8.20, na kukiongezea herufi S. Maganda yanafanana kabisa. Zenye ukingo za zamani huandikwa IR au JR, mpya huandikwa IRS au JRS. Ukipitisha kichwa cha S kwenye mtutu wa zamani unakilazimisha kupenya pasipo na nafasi, presha inapanda, na bawaba yenye miaka tisini haitakuonya mapema.

Herufi zilipofutika, mtutu ulipimwa. Njia ni rahisi na vifaa vyake Mwanza havikosekani. Chukua chubwi la madini laini ya risasi, lile la kufungia nyavu, ukate kipande kinene kidogo kuliko tundu la mtutu, kipake mafuta kidogo, ukipige taratibu kwa nyundo ya mbao kiingie, kisha ukisukume hadi kitokee upande wa pili kwa fimbo ya shaba. Kitatoka na alama za mifereji ya ndani. Pima sehemu iliyotuna, yaani pale kipande kilipojaa ndani ya mfereji, kwa maikromita. Kalipa ya plastiki iache dukani, tofauti unayoitafuta ni sehemu kumi na mbili za mia ya milimita.

Kipimo kilikuja 8.09. Mtutu wa zamani. Na kwenye mfuko wa ngozi uliokuja na bunduki mlikuwa na risasi 11, zote zimeandikwa IRS. Bahati yake aliyezinunua hakuzitumia. Hata zingekuwa sahihi, risasi 11 hazitoshi kumfundisha mtu chochote, na za kuagiza za aina ile hazimngojei mteja wa Sengerema. Kikongwe kilirudi ghalani.

Sasa .375. Tuseme wazi: kama chombo, ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote tatu. Kizibo kilifunga bila kutikisika, kirusha ganda kilirusha, mifereji ya mtutu ilikuwa na makali, na mdomo wa mtutu haukuwa na pigo wala chakavu la fimbo ya kusafishia. Kwa kuwa haina nafasi ya boliti, kile chuma cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele, nyuma ya chemba, ni fupi kwa takribani sentimita 10 kuliko raifeli ya boliti yenye mtutu uleule, jambo zuri vichakani. Ina tabia zake mbili. Mti wa mbele umefungwa kwenye kipande cha chuma kinachotokeza chini ya mtutu, na mti huo ukivimba kwa unyevu unausukuma mtutu, kikundi cha risasi kinahama bila mtu kugusa darubini. Na darubini yenyewe hukaa mbele mno kwa mtu mwenye shingo fupi, kwa sababu vikamatio vyake viko kwenye ubao wa chuma juu ya mtutu. Ukinunua inayotaka jicho liwe karibu nayo utajikuta unanyoosha shingo kama kobe.

Lakini kilichoiangusha hakikuwa hayo. Ilikuwa ni teke.

Kichwa cha gramu 19.4 kinachotoka kwa mita 770 kwa sekunde kinabeba jouli kama 5,700. Kile cha .30-06 cha gramu 11.7 kwa mita 820 kinabeba kama 3,900. Tofauti hiyo inamvutia kila mtu. Isiyotajwa ni ya upande wa bega: bunduki ya .375 yenye kilo 4.1 pamoja na darubini inarudi na jouli kama 58, na .30-06 ya kilo 3.5 inarudi na 31 hivi. Karibu mara mbili. Nyati, kwa mujibu wa kanuni za uwindaji, anataka .375 kwenda juu, na hapo mjomba hajakosea. Ila leseni ya mnunuzi haina nyati, na ngiri hataona tofauti.

Uwanjani, chini ya usimamizi wa aliyepaswa kuwepo, likafanywa jaribio ambalo tunalipendekeza kwa kila anayenunua raifeli yoyote. Mlengaji anatazama mbele. Mwenzake ndiye anayelisha chemba: mara risasi hai, mara ganda la mazoezi lisilo na baruti wala fataki (kile kitufe cha kitakoni kinachogongwa na pini), bila kumwambia. Bunduki ya risasi moja imeumbwa kwa mchezo huu. Ikija ya mazoezi, nyundo inagonga, kimya, na kila mtu anaona mkono umefanya nini.

Kwa .375, risasi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu ilikuwa ya mazoezi na mtutu haukutikisika. Ya nne nayo ikawa ya mazoezi, na mdomo wa mtutu ukazama ghafla kwa upana wa vidole viwili, macho yamefumbwa, bega limekwenda mbele kulipokea teke ambalo halikuja. Hata sehemu ndogo ya kosa hilo mdomoni mwa mtutu ni mnyama aliyejeruhiwa miguu kwa umbali wa mita 100, au aliyekoswa kabisa. Kwa .30-06, mtu yuleyule, asubuhi ileile, alipigiwa ganda la mazoezi mara tano na mtutu ulitulia mara zote tano.

Mazoezi yanaweza kumtoa mtu kwenye woga wa .375. Yanataka risasi nyingi na muda, na risasi hazinunuliwi kama misumari: kuna kibali, kuna idadi, kuna bei, na za .375 ndizo ghali. Mwenye bunduki anayepiga risasi nne kwa mwaka atabaki anafumba macho hadi uzeeni.

Imebaki Handi-Rifle, na hii ndiyo iliyokuwa na kasoro inayoonekana. Risasi ya tatu ilipopigwa, bunduki ikakunjwa, ganda halikutoka. Muuzaji akatoa kisu mfukoni na kuanza kulichokonoa. Azuiwe mtu wa namna hiyo. Ncha ya kisu inakwaruza uso wa chemba na kuipinda kucha ya kitoa ganda, na kasoro ya dakika moja inakuwa ya kudumu. Ganda lilisukumwa kwa fimbo ya shaba kutoka mdomo wa mtutu, likatoka kwa msukumo mmoja.

Kwa nini limekwama? Ganda la .30-06 halina ukingo uliotokeza. Lina mfereji uliochimbwa kuzunguka kitako chake. Kwenye bunduki ya kukunja mfereji huo hushikwa na kucha ndogo yenye springi, inayolazimika kusogea pembeni risasi ikiingia na kurudi mahali pake ikishakaa. Kucha ikichakaa, springi ikilegea au uchafu ukijaa chini yake, inapita juu ya mfereji na kuliacha ganda ndani. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni chemba: ikiwa na kutu au mikwaruzo, shaba ya ganda inatanuka kwa presha, inang'ang'ania kwenye vishimo, na kucha nzima isiyo na kosa inashindwa kulibandua.

Ganda lenyewe lilitoa ushahidi. Lilikuwa na mikwaruzo mirefu ubavuni, kutoka kitakoni kwenda shingoni, yote upande mmoja. Hiyo ni chemba. Mfereji wake ulikuwa mzima, haujamegwa. Fataki haikuwa bapa kupita kiasi wala haijatokeza, na hapakuwa na duara linalong'aa karibu na kitako, ile dalili ya ganda linalonyooka kwa sababu nafasi kati ya chemba na fremu imezidi. Masizi kidogo shingoni si kitu. Mtu anayekwenda kununua raifeli aombe maganda matatu yaliyopigwa kwayo, ayapeleke kwenye mwanga wa dirisha, ayazungushe. Yatamweleza mengi kuliko muuzaji.

Tochi ikaingizwa chembani na kutu ikaonekana: madoadoa ya kahawia, hayajachimba. Bunduki ilikuwa imelala mwaka mzima ndani ya ala ya kitambaa nyumba ya karibu na ziwa. Maji ya Victoria hayana chumvi, kwa hiyo watu hudhani kutu ni habari za Tanga na Pwani. Unyevu wa usiku unatosha, na kitambaa kinaunyonya na kuushikilia kwenye chuma kama bandeji. Ala ni ya safari. Nyumbani bunduki ikae kwenye kabati la chuma lililofungwa, bila ala, imepakwa mafuta mepesi, na risasi mahali pengine.

Muuzaji alitaka kutatua kwa mafuta: "Pakeni chembani, litateleza." Hapana. Ganda huung'ang'ania ukuta wa chemba kwa muda mfupi sana wakati wa mlipuko, na kung'ang'ania huko kunapunguza nguvu inayosukuma nyuma. Chemba ikiwa na mafuta, nguvu hiyo inakwenda kwenye fremu, na kwenye bunduki ya kukunja inakwenda kwenye komeo na bawaba. Kabla ya kupiga, chemba ifutwe ikauke.

Komeo nalo lilikuwa na lake. Kwenye bunduki hizi, kibanio cha komeo hukaa juu ya kijukwaa kidogo cha chuma nyuma ya mtutu, na kinachokishikilia ni msuguano. Mwenye nia njema alikuwa amekipaka grisi. Matokeo yake bunduki ikipigwa inaweza kujifungua yenyewe, jambo linalomtisha mtu hata asirudie. Kijukwaa kilisafishwa kwa petroli na kitambaa kikavu, kikaachwa hivyo. Grisi, tone la ukubwa wa punje ya mtama, inapakwa kwenye pini ya bawaba tu. Kisha kipimo cha karatasi: kipande cha karatasi ya daftari kati ya mtutu na fremu, bunduki imefungwa, haina kitu. Ikikwama au kupita kwa kukwaruza, vizuri. Karatasi mbili pamoja zikipita bila shida, achana nayo. Hii ilishika moja. Fundi aliyethibitisha nafasi ya chemba alitumia vipimo vyake viwili vya chuma, cha kufunga na cha kutofunga, na kila kimoja kilifanya kilichotakiwa.

Makubaliano yakawa hivi: bei ishuke kwa gharama ya fundi, chemba ing'arishwe, springi ya kitoa ganda ibadilishwe, na risasi 20 zipigwe bila ganda kukwama ndipo karatasi za kuhamisha umiliki zisainiwe polisi. Wakati wote huo bunduki ikabaki mikononi mwa wenye haki ya kuwa nayo. Kuchukua silaha isiyo na jina lako "kwenda kuijaribu nyumbani" ni kosa, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Namba ya fremu na ile iliyoandikwa kwenye leseni zisomwe kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu.

Kung'arisha chemba ni kazi ya brashi ya shaba iliyozungushiwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia chuma, mizunguko michache, safisha, tazama, rudia. Msasa usiiguse. Unaokula kutu unakula na chuma, chemba inapanuka, na chemba iliyopanuka hairudi.

Risasi 20 zilipigwa kwa siku tatu, tatutatu, mtutu ukipoa katikati. Mtutu mwembamba ukipata joto risasi hupanda au kutambaa upande, na mtu asiyejua huhangaika na vifundo vya darubini bure. Kwa mwindaji risasi yenye maana ni ile ya kwanza, ya mtutu baridi, basi karatasi moja ya shabaha iliwekwa kando kwa ajili ya risasi za kwanza tu. Vikundi vya mita 100 vilikuwa na upana wa sentimita 5 hadi 6. Kwa swala pala, ambaye eneo lake la moyo na mapafu ni kama sahani ya kulia ugali, inatosha. Darubini ikarekebishwa risasi ipige sentimita 5 juu kwa mita 100. Inashuka na kukaa sawa karibu na mita 180, na zaidi ya 150 mtu huyu hana sababu ya kupiga kwa sasa. Maganda 20 yakatoka yote.

Jambo moja lilichukua muda kuliko kulenga: nyundo. Ukishaivuta na mnyama akaondoka, lazima uishushe juu ya risasi hai. Namna sahihi ni kuelekeza mtutu ardhini mahali pasipo na jiwe, kuikamata nyundo kwa dole gumba, kugusa triga mpaka nyundo iachie, kuondoa kidole kwenye triga hapohapo, ndipo uishushe polepole. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopeleka pigo la nyundo kwenye pini, na kipande hicho hushuka triga ikiachiwa; kidole kikishatoka, hata nyundo ikichoropoka haiifikii pini. Anayeendelea kuibana triga huku anashusha ndiye anayepiga miguu ya mwenzake. Jasho, mvua au mafuta ya samaki mkononi, mambo ya kawaida huku kwetu, yanalifanya dole gumba liteleze. Darubini ikikaa chini mno dole halipati nafasi kabisa, kwa hiyo alifungiwa kijiti cha chuma kinachotokeza pembeni ya nyundo. Kushusha nyundo alirudia mara hamsini kwa ganda la mazoezi kabla ya kuruhusiwa na risasi hai.

Kasi ya risasi ya pili ilikuja yenyewe. Mwanzoni alitumia sekunde 11, nyingi zikiishia mfukoni kutafuta. Risasi tatu zikahamia kwenye mkanda wa ngozi wa kifundo cha mkono wa kushoto, vitako vikielekea vidoleni, na muda ukashuka hadi 5. Fimbo ya shaba ya vipande viwili iko kwenye begi, pembeni ya maji.

Mjomba hajakubali. Anasema siku leseni ya nyati ikipatikana watarudi sokoni, na hilo ni kweli: .30-06 hairuhusiwi pale, na mpwa wake atalazimika kuomba upya kwa bunduki nyingine. Kwa sasa aliombwa aje uwanjani alishe chemba. Amekuwa hodari wa kuficha ganda la mazoezi kiganjani.